Indiketa za pikipiki zinazojizima zenyewe: zinavyofanya kazi, zinavyofungwa na zinapoweza kukuponza

Pikipiki inatoka Mbulu mjini kuelekea Nambis. Kwenye njia panda dereva anawasha indiketa ya kushoto, anakata kona, ananyoosha usukani, safari inaendelea. Indiketa nayo inaendelea. Kilomita mbili mbele bado inamweka. Dereva hana habari, abiria hana habari, wanaojua ni wengine wote walioko barabarani.

Kwenye gari hali hii hutokea mara chache kwa sababu indiketa hujizima usukani unaporudi katikati. Kwenye Boxer, TVS na pikipiki nyingi ndogo zinazobeba abiria mkoani Manyara, hamna kitu hicho. Usipoizima kwa kidole gumba, haizimiki.

Teknolojia ya kuizima bila mkono ipo, tena ina umri mkubwa kuliko madereva wengi wa bodaboda. Inaweza pia kufungwa kwenye pikipiki ya kawaida. Ila mifumo hii haifanani, na ule unaofaa kwenye lami ya mjini unaweza kukuponza kwenye kona na matope ya Mbulu.

Kwa nini taa iliyosahaulika ni hatari

Indiketa ni ahadi. Anayeiona anapanga mwendo wake kwa kuiamini.

Tanzania tunaendesha upande wa kushoto. Gari linalosubiri kutoka kwenye njia ya kushoto likiona pikipiki inakuja na indiketa ya kushoto, dereva anajua hiyo inaingia kwake, anatoka. Kumbe pikipiki inaenda moja kwa moja. Hapo mwenye pikipiki ndiye anayeumia.

Halafu kuna lugha ya barabarani ambayo haifundishwi darasani lakini kila dereva wa masafa anaijua. Lori likiwasha kushoto linamwambia aliye nyuma "pita, mbele kweupe". Likiwasha kulia linamwambia "usipite". Sasa chukua pikipiki iliyosahau kushoto kwenye barabara nyembamba ya mlimani, na nyuma yake kuna Fuso yenye haraka. Ujumbe anaousoma dereva wa Fuso ni kwamba ameruhusiwa kupita, na huyo wa mbele hajui kwamba ametoa ruhusa.

Ya kulia ikisahaulika ni shida nyingine: wa nyuma anaamini unakata kulia, anakupita kwa kushoto, upande ambao wewe unaweza kusogea wakati wowote kukwepa shimo.

Mkataba wa kimataifa wa usalama barabarani wa Vienna wa mwaka 1968 uliliona hili. Unataka ishara ya kugeuka iendelee muda wote dereva anapogeuka, na ikome mara tu anapomaliza. Sehemu zote mbili za sharti hilo zina uzito, kwa sababu indiketa inayozima mapema ina hatari yake pia. Tutafika huko.

Mbona gari linaweza, pikipiki haiwezi?

Kampuni ya Buick ya Marekani ilianza kuuza magari yenye indiketa za kumweka mwaka 1939, na mwaka uliofuata ikaongeza kifaa cha kuzizima zenyewe. Ni kitu cha kimakenika tu: kwenye mhimili wa usukani kuna kijino. Usukani ukizunguka kurudi, kijino kinasukuma swichi irudi katikati.

Pikipiki haigeuki hivyo. Ikiwa kwenye mwendo, usukani wake unazunguka nyuzi chache sana, kazi kubwa inafanywa na kulala. Tena ili pikipiki ilale kushoto, dereva anaanza kwa kuusukuma usukani kidogo kuelekea kulia, hata kama mwenyewe hajui kwamba anafanya hivyo. Kijino cha gari kikifungwa hapo kitachanganyikiwa siku ya kwanza.

Kwa hiyo watengenezaji walilazimika kutafuta njia nyingine ya kujua kwamba kona imeisha.

Njia ya Yamaha: muda na umbali

Mwishoni mwa miaka ya 1970 Yamaha walileta mfumo huu kwenye pikipiki kubwa kama XS750 na XS1100. Ndani ya kipima mwendo waliweka swichi ndogo ya sumaku inayohesabu mizunguko, hivyo mfumo ukajua pikipiki imetembea umbali gani. Pembeni yake kulikuwa na kipima muda.

Sheria waliyoiweka: indiketa izime baada ya sekunde 10 au mita 150, kutegemea lipi linachelewa kufika. Pikipiki ikiwa imesimama, haizimi. Na dereva akitaka kuizima mapema, anabonyeza swichi.

Kwa nini vyote viwili? Fanya hesabu. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, sekunde 10 ni kama mita 167. Hiyo inatosha. Lakini kwa kilomita 20 kwa saa, mwendo wa kupanda mlima na mzigo, sekunde hizohizo ni mita 55 tu. Kipima muda kikiwa peke yake, taa inakata kabla hujafika kwenye kona. Kwa mwendo huo mita 150 zinachukua sekunde 27, ndiyo maana umbali unashika usukani wa maamuzi pale unapoenda polepole.

Hesabu hii ndogo inafaa kukaa kichwani kwa yeyote anayetaka kununua kifaa cha aina hii. Vingi vinavyouzwa kwa bei ya chini vina kipima muda tu.

Njia za siku hizi

Mifumo mingine inatumia sensa inayohisi pikipiki ilivyolala. Ikiona imelala halafu imesimama wima tena, inajua kona imekwisha, inazima. Harley-Davidson wametumia sensa ya aina hiyo kwenye pikipiki zao kwa miaka mingi.

Honda, kwenye Africa Twin na Gold Wing za miaka ya karibuni, wanalinganisha kasi ya tairi la mbele na la nyuma. Pikipiki ikiwa kwenye kona, tairi la mbele linapita njia ndefu kidogo kuliko la nyuma, hivyo kasi zinatofautiana. Tofauti ikiisha, kona imeisha. Ni akili nzuri, lakini inahitaji sensa kwenye matairi yote mawili, zile za mfumo wa breki za ABS, na Boxer ya bodaboda haina.

Sensa ya kulala ndiyo inayovutia wengi kwa sababu inauzwa kama kifaa cha kuongeza. Ila mtu wa Mbulu anapaswa kufikiria mara mbili. Barabara inayotoka Mbuyu wa Mjerumani inapanda Mlima Magara kwa kona mfululizo. Ukiwasha kulia kujiandaa kuingia njia ya pembeni, halafu kabla hujaifikia kuna kona ya barabara yenyewe, pikipiki italala na kusimama. Sensa itaona kazi imekwisha na kuzima. Vilevile kwenye barabara ya vumbi dereva analaza pikipiki kila dakika kukwepa mawe na makorongo, bila kugeuka popote.

Kuzima mapema ndiyo hatari kubwa zaidi

Watu wengi wakisikia indiketa ya kujizima wanafikiria tatizo la kusahau tu. Fikiria upande wa pili.

Dereva anataka kukata kulia. Anasogea katikati ya barabara, anasimama kusubiri magari yanayokuja yapite. Kifaa chenye kipima muda cha sekunde 15 kinazima. Sasa ni saa moja usiku, ukungu wa nyanda za juu umeshuka, na katikati ya barabara kuna pikipiki iliyosimama bila indiketa. Anayekuja nyuma anaona taa nyekundu ndogo, anadhani inatembea.

Kati ya makosa mawili, kuzima mapema ukiwa umesimama katikati ya barabara ni baya kuliko kusahau kuzima. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza muuzaji ni moja: pikipiki ikisimama, hiki kifaa kinaendelea kumweka? Kama hajui au jibu ni hapana, kiache.

Unahitaji nini kwenye Boxer au TVS

Pikipiki hizi zina umeme wa volti 12. Balbu ya indiketa kwa kawaida ni wati 10, na zinawaka mbili kwa wakati mmoja, mbele na nyuma. Jumla wati 20, sawa na ampea 1.7 hivi. Umeme unatoka kwenye swichi ya funguo, unapita kwenye flasha (kile kidude kinachotoa mlio wa tik-tik), unaingia kwenye swichi ya usukani, ndipo unagawanyika kushoto au kulia.

Kikwazo cha kwanza ni swichi yenyewe. Ya kawaida ukiisukuma kushoto inabaki kushoto mpaka uirudishe. Kifaa kikizima taa huku swichi bado iko kushoto, safari ijayo utaisukuma na hakuna kitakachotokea, kwa sababu iko hapohapo tangu jana.

Ndiyo maana vifaa vya maana vinakuja na vitufe vya kubonyeza na kuachia, kimoja kwa kila upande. Bonyeza mara moja inawaka, bonyeza tena inazima. Kifaa chenyewe ndicho kinachomwekesha taa, kwa hiyo flasha ya zamani inatolewa kabisa.

Nyaya zake kwa kawaida ni hizi: chanya kutoka kwenye funguo, hasi, kitufe cha kushoto, kitufe cha kulia, taa za kushoto, taa za kulia. Chenye kuhesabu umbali kina waya mmoja zaidi wa kusoma mwendo.

Huo wa mwisho ndio mtihani. Pikipiki nyingi ndogo zina kipima mwendo cha kebo, hakitoi ishara yoyote ya umeme. Suluhisho ni lilelile la kipima mwendo cha baiskeli: sumaku ndogo inafungwa kwenye spoki za tairi la mbele, na swichi ya sumaku inafungwa kwenye shokapu, karibu kugusana. Kila tairi likizunguka, kifaa kinahesabu moja.

Namna ya kufunga

Kazi inaanza kwa kutoa waya hasi wa betri. Mafundi wengi wanaruka hatua hii, halafu fyuzi inakatika na lawama zinaenda kwa kifaa.

Rangi za nyaya hazifanani kati ya pikipiki na pikipiki, na ile iliyopita kwa mafundi watatu ina rangi zake za kipekee. Usiamini rangi, tumia mita. Kwenye flasha ya miguu miwili, mguu wenye alama B ndio unaopokea umeme kutoka kwenye funguo, na wenye L ndio unaoupeleka kwenye swichi. Ya miguu mitatu inaongeza E, yaani hasi. Baadhi zina namba badala ya herufi: 49, 49a na 31, kwa mpangilio huohuo.

Waya chanya wa kifaa uunganishwe pale kwenye B na upitie fyuzi yake mwenyewe. Ampea 5 zinatosha. Usiuchukue moja kwa moja kutoka kwenye betri, kifaa kitaendelea kunyonya umeme hata pikipiki ikiwa imelala, na asubuhi ya baridi ya Mbulu utaijua thamani ya kiki.

Kaa mbali na bomba la moshi na mahali maji yanaporukia. Chini ya siti ni pazuri. Maunganisho yachomelewe kwa risasi na kuvikwa mpira unaojibana kwa joto. Tepu peke yake haitafika mwisho wa masika. Acha nyaya zilegee kidogo pale shingo ya usukani inapozunguka, kisha zungusha usukani kushoto na kulia mpaka mwisho uone kama kuna unaovutwa.

Kama balbu zimebadilishwa kuwa za LED, kuna mtego. Pikipiki nyingi zina taa moja tu ya indiketa kwenye dashibodi, imeungwa kati ya upande wa kushoto na wa kulia. Na LED zinazotumia umeme kidogo, ule unaopita kwenye taa hiyo unatosha kuwasha upande wa pili. Unawasha kushoto, zote nne zinamweka. Dawa yake ni kuunga taa ya dashibodi kwenye hasi kupitia dayodi mbili, moja kila upande.

Baada ya kufunga, hesabu mimweko kwa sekunde 15. Viwango vya Umoja wa Mataifa vinataka mara 60 hadi 120 kwa dakika, kwa hiyo unatafuta kati ya 15 na 30. Halafu jaribu barabarani mahali pasipo na magari: ikiwa imesimama dakika nzima (isizime), kwa mwendo wa kawaida, na kwenye kona mbili zinazofuatana.

Je, fundi redio anaweza kutengeneza?

Anaweza, kwa sehemu. IC ya 555, ambayo fundi yeyote wa redio anaifahamu, inatengeneza kipima muda kwa vipande vichache. Muda wake ni 1.1 mara ukinzani mara kapasita. Ukiweka kilo-omu 220 na mikrofaradi 100 unapata sekunde 24. IC hiyo inavumilia hadi volti 16 na pikipiki inayochaji inafika 14 na ushee, hivyo lazima ilindwe dhidi ya miruko ya umeme.

Tatizo linabaki palepale: hiki ni kipima muda kitupu. Sekunde 24 kwa kilomita 60 kwa saa ni mita 400, ndefu mno. Kwa mwendo wa mlimani ni sawa. Lakini ukisimama kusubiri kukata kulia, inazima.

Mlio: jibu la bei ndogo

Kwa bodaboda wengi, kiukweli, kitu cha kufunga kwanza ni mlio. Ni kibaza kidogo cha volti 12 kinacholia kila indiketa inapomweka. Hakizimi chochote, kwa hiyo hakiwezi kuzima kwa wakati mbaya. Kinamkumbusha dereva, na abiria akichoka na kelele atamkumbusha pia.

Kuna njia moja ya kukosea. Fundi akiunga waya wa kushoto na wa kulia pamoja kwenye kibaza, pande zote zitamweka kwa pamoja. Zinahitajika dayodi mbili, aina ya 1N4007 inatosha: moja kutoka waya wa kushoto, nyingine kutoka wa kulia, zikutane kwenye chanya ya kibaza, hasi iende kwenye bodi. Upande wenye mstari mweupe wa dayodi ndio unaoelekea kwenye kibaza. Dukani ni vitu vya bei ndogo, na kazi ni ya muda mfupi.

Kibaza kifungwe karibu na dashibodi, na kisikike ukiwa na helmeti kichwani na injini inapiga kelele. Cha kwenye kava la pembeni husikiki kwa watembea kwa miguu tu.

Kuitumia ikishafungwa

Hata mwenye mfumo wa Yamaha alipewa kitufe cha kuzima kwa mkono. Kidole gumba kiendelee kubonyeza kila baada ya kona, kifaa kibaki cha kushika pale kidole kinaposahau. Dereva anayebadilishana pikipiki na mwenzake awe makini zaidi, kwa sababu akizoea yenye kujizima kisha akapanda isiyo nayo, atasahau kila kona.

Washa mapema. Indiketa inayowaka wakati pikipiki tayari imelala haimwambii mtu kitu. Na kama kifaa kinahesabu umbali, jua idadi yake: ukiwasha mita 200 kabla ya njia panda na kifaa kimewekwa 150, utafika kimya. Hapo unabonyeza tena.

Ukiwa umesimama kusubiri kukata kulia, tupia jicho dashibodi. Kama kitaa kimezimika, washa upya kabla ya kuingia.

Kuna jambo moja ambalo hakuna kifaa kinacholitatua. Gunia la mahindi au la vitunguu saumu likifungwa kwa upana kwenye keria, linafunika indiketa zote mbili za nyuma. Zinamweka, zinajizima kwa wakati, mlio unalia vizuri, na aliye nyuma haoni kitu. Mwenye kubeba mizigo mara kwa mara ahamishie taa za nyuma pembeni zaidi, kwenye vyuma vya keria vinavyotokeza, au arudie mkono: wa kulia ukinyooshwa ni kulia, wa kushoto ni kushoto. Wa kulia una gharama yake, maana ndio unaoshika mafuta na breki ya mbele. Kwa hiyo punguza mwendo kwanza, onyesha, rudisha mkono, ndipo ukate.